Chorzów 1973: jinsi Jerzy Szczakiel alivyomvua taji Ivan Mauger

Tarehe 2 Septemba 1973, fainali ya dunia ya spidwei, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo, ilifanyika Uwanja wa Śląski mjini Chorzów, kusini mwa Poland, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Baada ya mbio 20, waendeshaji wawili walikuwa wamefungana kileleni kwa pointi 13. Mmoja ni Ivan Mauger wa New Zealand, bingwa mtetezi aliyekwisha kutwaa mataji manne. Mwingine ni Jerzy Szczakiel wa Poland, kijana wa miaka 24 ambaye miaka miwili kabla alitoka kwenye fainali kama hiyo bila pointi hata moja. Wakaitwa warudi njiani wawili peke yao. Szczakiel akatangulia, Mauger akatafuta pa kumpitia, akaanguka. Poland ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia kwa mwendeshaji mmoja mmoja.

Kuanzia siku hiyo wapenzi wengi wa spidwei, hasa wa Uingereza, wamekuwa wakimtaja Szczakiel kama bingwa wa kubahatisha kuliko wote. Madai hayo hayana msingi. Ukiitazama fainali ile kipande kwa kipande, yaani hesabu ya pointi, rekodi za wote wawili, hali ya njia mwisho wa siku, mageti (nafasi za kuanzia mbio) na sheria ya mwamuzi, utaona kwamba Mauger aliingia kwenye mbio ya mwisho akiwa na mtu aliyewahi kumshinda waziwazi, na kwamba kuanguka kulikuja baada ya yeye kushindwa kwenye geti.

Kwanza maelezo mafupi kwa wasioijua spidwei. Wanne wanakimbia mizunguko minne kwenye njia yenye umbo la yai, wakizunguka kinyume na mshale wa saa. Pikipiki ina injini ya silinda moja ya sisi (cc) 500, inatumia metanoli, ina gia moja na haina breki kabisa. Kona haipindwi kwa kupunguza mwendo. Mwendeshaji anafungua mafuta, tairi la nyuma linaserereka kuelekea nje, usukani unageuzwa kulia ilhali pikipiki inakata kushoto, na mguu wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma, unateleza ardhini. Dereva wa bodaboda aliyewahi kupita barabara ya udongo baada ya mvua anaujua mserereko huo, ila yeye huukimbia, na hawa wanautafuta. Mbio nzima inaisha kwa dakika moja na ushei.

Hesabu ya pointi 13

Zama zile ubingwa wa dunia uliamuliwa kwa fainali ya siku moja. Waendeshaji 16 walifika kupitia michujo ya kanda zao, na kila mmoja alikimbia mara tano. Kwa kuwa kila mbio ina watu wanne, mbio tano zinamkutanisha mtu na wapinzani 15, kila mmoja mara moja tu. Ndiyo maana jumla inakuwa mbio 20. Mshindi anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne anatoka mikono mitupu. Asiyeshindwa na yeyote anamaliza na 15.

Hakuna anayeweza kumkwepa mwenzake katika mpango huo, na hilo ndilo zuri lake. Ubaya wake ni kwamba hauna nafasi ya kujisahihisha. Klachi ikikwama mara moja, plagi ikifa mara moja, au ukigusa utepe wa kuanzia mara moja, pointi tatu zimekwenda na kilichobaki ni 12 hata kama mbio nyingine zote nne umeshinda. Pointi 13 ndiyo hesabu ya mtu mzuri aliyeteleza kidogo, na wazuri walioteleza kidogo huwa zaidi ya mmoja. Wembley mwaka 1972, Mauger huyuhuyu na Bernt Persson wa Sweden walifungana kwa 13, Ole Olsen wa Denmark akawa wa tatu kwa 12. Mauger akamshinda Persson katika mbio ya kuvunja sare na kuchukua taji lake la nne. Chorzów mwaka uliofuata hesabu ilijirudia vilevile: wawili kwa 13, na Zenon Plech, Mpoland wa miaka 20, nyuma yao kwa 12.

Kuna njia mbili za kufikia 13 na zinasema mambo tofauti. Aliyeshinda mara nne akawa wa tatu mara moja ana 13. Aliyeshinda mara tatu akawa wa pili mara mbili naye ana 13. Wa kwanza ana ushindi mwingi zaidi, wa pili hajawahi kutanguliwa na watu wawili. Kanuni haikujali tofauti hiyo, wala haikujali nani alikuwa mbele pale wawili hao walipokutana ndani ya zile mbio 20. Waliofungana kileleni walirudi kukimbia, basi.

Anayeona hilo ni ukatili akumbuke ilivyokuwa mwanzo. Fainali ya kwanza kabisa, Wembley 1936, waendeshaji waliingia na pointi za ziada walizobeba kutoka kwenye michujo. Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote tano usiku ule, hakuna aliyemwonyesha mgongo, na bado alimaliza wa tatu kwa jumla ya 25. Lionel Van Praag na Eric Langton walikuwa na 26 kila mmoja, wakakimbia wawili, Langton akaongoza hadi kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, na hapo Van Praag akapenya kwenye upenyo mwembamba na kuwa bingwa. Kwa hiyo uamuzi wa aina hii, yaani bingwa wa dunia kuamuliwa na upenyo mmoja kati ya watu wawili, ulikuwa ndani ya mchezo tangu siku ya kwanza. Van Praag anaitwa shujaa kwa upenyo uliofunguka. Szczakiel anaitwa mwenye bahati kwa upenyo ambao haukufunguka. Hapo pana upendeleo.

Watu wawili waliokutana

Ivan Mauger alizaliwa Christchurch mwaka 1939, mji ambao umetoa kwa spidwei watu ambao nchi kubwa hazijawatoa. Ronnie Moore alikulia hapo na kutwaa taji la dunia mara mbili, 1954 na 1959. Barry Briggs alizaliwa hapo na kutwaa manne: 1957, 1958, 1964 na 1966. Ukijumlisha na sita aliyokuja kumaliza nayo Mauger, mji mmoja wa kisiwa cha kusini cha New Zealand una mataji 12.

Mauger hakuwa na kipaji cha wazi kama Moore, na hilo ndilo linalomfanya apendwe na wanaoujua mchezo kwa undani. Alikwenda Uingereza mwaka 1957, akiwa bado kijana mdogo, kujaribu bahati na klabu ya Wimbledon, mambo hayakumwendea, akarudi nyumbani. Aliporejea mwaka 1963 na timu ya Newcastle alikuwa mtu mwingine. Alianza kuichukulia spidwei kama kazi ya ofisi: vifaa vinavyojulikana vilipo, pikipiki ya akiba iliyo sawa na ya kwanza, na mazoezi ya kuanza mbio yasiyokwisha. Matokeo yakaja: bingwa wa dunia 1968 Göteborg (Sweden), 1969 Wembley, 1970 Wrocław, mara tatu mfululizo. Huko Wrocław, kwenye ardhi ya Poland, alizoa pointi zote 15 mbele ya Wapoland wawili, Paweł Waloszek mwenye 14 na Antoni Woryna mwenye 13. Baada ya taji lile la tatu mashabiki wawili wa Kimarekani waliichukua pikipiki yake ya ushindi na kuipaka dhahabu, kama walivyokuwa wameahidi. Kwa hiyo anayesema kwamba Mauger alishindwa Chorzów kwa ugeni wa njia za Poland hana hoja.

Klabuni alikuwa nguzo ya Belle Vue ya Manchester, iliyotwaa ligi ya Uingereza 1970, 1971 na 1972. Wapo wanaoamini kuwa hiyo ndiyo timu bora ya klabu iliyowahi kukimbia Hyde Road, uwanja wa Belle Vue, na ni vigumu kuwapinga. Msimu wa 1973 alihamia Exeter, kwenye njia ndefu yenye uzio wa chuma ambao wageni waliuogopa kwa haki kabisa.

Szczakiel alitoka Opole, kiasi cha kilomita 90 kutoka Chorzów, na maisha yake yote ya mashindano aliyatumia Kolejarz Opole, klabu ya reli. Poland ya wakati huo ilikuwa na ligi tangu 1948 na klabu zilizofungamana na viwanda na migodi, na kwa timu ya taifa ilikuwa imeshatwaa Kombe la Dunia la Timu mara nne: 1961, 1965, 1966 na 1969. Kilichokosekana ni bingwa mmoja mmoja. Opole haikuwa klabu kubwa. Kubwa ilikuwa Rybnik, eneo la makaa ya mawe, iliyotawala ligi miaka ya 1960. Mtu wa Opole alikuwa hana sauti nje ya mkoa wake, na sehemu kubwa ya dharau aliyopata baadaye ilitokana na hilo: waandishi wa Uingereza hawakuwa wakimwona wiki hadi wiki, kwa kuwa hakukimbia kwenye ligi yao.

Sasa tufike kwenye ushahidi unaosahaulika. Julai 1971, mjini Rybnik, ulifanyika ubingwa wa dunia wa wawili wawili. Poland iliwakilishwa na Szczakiel na Andrzej Wyglenda. New Zealand iliwaleta Mauger na Briggs, mabingwa wa dunia wenye mataji saba kati yao wakati huo. Kila jozi ilikutana na jozi nyingine sita, na ushindi kamili katika mbio moja, wa kwanza na wa pili, unaleta pointi tano. Szczakiel na Wyglenda walimaliza na 30. Sita mara tano ni 30. Maana yake siku nzima hakuna mpinzani aliyevuka mstari mbele ya yeyote kati yao, na wapinzani hao ni pamoja na Mauger na Briggs, waliomaliza wa pili kwa 25.

Miezi miwili baadaye, Göteborg, Szczakiel alipata sifuri katika fainali ambayo Olsen alishinda kwa pointi 15. Wanaomwita mwenye bahati wanainukuu sifuri hiyo kila mara na hawaitaji 30 ya Rybnik. Mtu anayepata sifuri ugenini na ukamilifu kwenye njia za kusini mwa Poland si mtu wa bahati nasibu. Ni mwendeshaji wa aina inayojulikana sana katika spidwei: anayetegemea mno njia anayoijua, udongo anaoujua na namna unavyobadilika saa baada ya saa. Mwaka 1973 fainali iliwekwa mahali ambapo ujuzi huo ulikuwa na thamani kamili.

Njia baada ya mbio 20

Uso wa njia ya spidwei ni tabaka la udongo wa mawe yaliyosagwa, uliolegea juu na mgumu chini. Mwanzoni mwa siku tabaka legevu limeenea kote. Kila pikipiki inayopita inalirusha nje, na kufikia nusu ya mashindano eneo la karibu na mstari wa ndani huwa limekuwa gumu na la kuteleza kama sakafu, na udongo wote wa kushika tairi umejikusanya kama mkanda karibu na uzio. Trekta hupita kila baada ya mbio kadhaa kurudisha udongo ndani, na boza la maji likifuata kuzuia vumbi, lakini kazi hiyo haifanani sehemu zote. Kona moja inaweza kuwa na unyevu kuliko nyingine, na mahali ambapo boza limesimama sekunde mbili zaidi panabaki na doa la utelezi ambalo halionekani kutoka jukwaani.

Mwendeshaji na fundi wake wanajibu mabadiliko hayo kwa vitu vichache. Cha kwanza ni sproketi ya nyuma. Ikiongezwa jino moja pikipiki inaruka haraka zaidi kutoka kwenye utepe lakini tairi linazunguka bure pakiwa na utelezi; likipunguzwa jino moja, nguvu inafika ardhini kwa upole. Cha pili ni tairi. Ukingo wa nyuma unaokata udongo huliwa haraka, na kulipindua tairi kwenye rimu kunaleta ukingo mkali upya. Cha tatu ni klachi, ambayo husahaulika na ndiyo huwaponza watu. Baada ya mbio tano sahani zake zimepata joto na kuvimba, na klachi iliyovimba haiachii vizuri: pikipiki inajivuta mbele yenyewe huku mwendeshaji ameshikilia mkono. Akijaribu kuizuia anapoteza mkao, asipoizuia anagusa utepe na kutolewa.

Injini zenyewe hazikuwa tofauti kubwa siku ile. Mwaka 1973 karibu kila mtu alikuwa juu ya Jawa ya valvu mbili iliyotengenezwa Divišov, Chekoslovakia, yenye kipenyo cha silinda milimita 88 na mwendo wa pistoni milimita 82. Ilikuwa imeisukuma nje JAP ya Kiingereza, iliyokuwa na mwendo mrefu wa milimita 99 kwa kipenyo cha 80. Metanoli huipoza injini sana, lakini inataka wingi: petroli inaungua sawasawa kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, metanoli kwa kilo 6.4 hivi, kwa hiyo jeti za kabureta ni kubwa mara mbili na zaidi. Mafuta ya kulainishia yalikuwa ya mbarika, na yalipita mara moja tu ndani ya injini kisha yakamwagika; harufu yake ndiyo iliyowavuta maelfu ya watu viwanjani kila wiki bila wao kujua jina lake. Pikipiki zikiwa karibu sawa, kilichobaki ni mkono, jicho na geti.

Geti

Katika mbio ya wanne, geti la ndani lina njia fupi ya kufika kona ya kwanza, na geti la nje lina nafasi ya kuja na kasi na kuwafunika wenzake. Wawili wa katikati wanaweza kubanwa. Katika mbio ya wawili hesabu hiyo inavunjika. Hakuna msongamano wa kumchelewesha aliye ndani, hakuna ukuta wa pikipiki mbili wa kumzuia aliye nje. Kinachoamua ni nani ataachia klachi kwa wakati, na nani alisoma vizuri udongo wa geti lake.

Udongo huo ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Kila geti limeshachimbwa na tairi zilizotangulia na kuwa na mfereji mfupi. Waendeshaji wazoefu hutumia dakika chache walizopewa kuusawazisha kwa buti, kuvuta udongo laini kutoka pembeni, kuukanyaga, na kuweka tairi la nyuma juu ya sehemu iliyoshikamana. Ukikosea kwa upana wa kiganja, tairi linaanguka kwenye mfereji mara utepe unapoinuka, pikipiki inanyanyua pua, na mwendeshaji analazimika kupunguza mafuta. Kosa hilo linachukua chini ya sekunde moja na linatosha kwa mwenzako kufika kona ya kwanza mbele yako.

Mauger alijulikana dunia nzima kwa kuanza mbio. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake kuliko kasi ya katikati ya njia. Lakini Chorzów, katika mbio iliyokuwa na thamani kuliko zote za siku hiyo, aliyetoka mbele ni Szczakiel. Hapo ndipo pa kuanzia uchambuzi, maana kila kilichofuata kilikuwa matokeo ya hapo. Mtu aliyejenga maisha yake ya mashindano juu ya kuongoza tangu kona ya kwanza alijikuta nyuma ya mgongo wa mwingine, mbele ya umati uliokuwa unamshangilia mwingine, akiwa na mizunguko minne tu ya kurekebisha.

Kupita kwa ndani na hatari yake

Anayefuata nyuma ana njia mbili. Ya nje ni kwenda kwenye ule mkanda wa udongo karibu na uzio, kupata mshiko, na kutoka kwenye kona akiwa na kasi zaidi. Inachukua umbali mrefu na inahitaji uvumilivu, kwa sababu ushindi wake hauonekani hadi katikati ya sehemu iliyonyooka. Ya ndani ni kusubiri aliye mbele apanuke kidogo, kisha kukata chini yake. Hii inalipa papo hapo.

Ubaya wa njia ya ndani uko katika namna pikipiki ya spidwei inavyopinda. Aliye mbele anaserereka: tairi lake la nyuma limetoka nje na linarusha udongo moja kwa moja usoni kwa anayemfuata. Miwani ya anayefuata inafunikwa, na kila anapovuta kioo kimoja kinachochafuka anaachia mkono mmoja. Anayekata kwa ndani anaingia kwenye sehemu ngumu ya njia, ile isiyoshika, akiwa na kasi kubwa kuliko kona inavyoruhusu kwa mduara wake mdogo. Ili abaki pale lazima ageuze pikipiki mapema na kwa nguvu. Ikiwa aliye mbele atarudi kwenye mstari wake wa kawaida wakati huohuo, upenyo unafungwa bila yeye kufanya kosa lolote. Tairi la mbele la anayefuata likigusana na la nyuma la anayeongoza, linalozunguka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, linarushwa juu au pembeni. Mwendeshaji asiye na breki na mwenye usukani uliokwisha geuzwa hana cha kufanya.

Mauger alikuwa anayajua haya yote kuliko mtu yeyote uwanjani. Kwa nini basi hakusubiri? Jibu la hakika alikuwa nalo yeye, lakini mazingira yanajieleza. Nafasi ya pili katika mbio ya wawili ni ya mwisho. Hapakuwa na pointi ya kulinda. Aliyekuwa mbele alikuwa anaijua njia na hakuwa na sababu ya kukosea. Kila mzunguko uliopita bila kujaribu ulipunguza majaribio yaliyobaki. Bingwa wa dunia mara nne akaamua kujaribu mapema kuliko kusindikiza. Uamuzi huo unaheshimika, na ulimgharimu.

Upande wa mwamuzi hakukuwa na tatizo la kisheria. Mwendeshaji akianguka na asiwe hatarini wala kuwaweka wengine hatarini, mbio inaendelea. Taa nyekundu ikiwashwa, aliyesababisha kusimama anatolewa na mbio inarudiwa bila yeye, na kama wako wawili tu, aliyebaki ndiye mshindi. Njia pekee ya kumrudisha Mauger ingekuwa kumwona Szczakiel ndiye aliyesababisha, kwa mfano kwa kubadili mstari makusudi ili kumziba. Anayeongoza kwenye mstari wake wa kawaida ana haki ya kuushika. Szczakiel akamaliza mizunguko minne peke yake.

Yaliyofuata

Szczakiel hakufika tena kwenye fainali ya dunia ya mmoja mmoja. Fainali mbili maishani, pointi 0 na pointi 13, ubingwa mmoja. Majeraha yalimwandama, na mwaka 1979 aliacha kukimbia. Alifariki Septemba 2020. Poland, pamoja na wingi wote wa klabu zake na viwanja vyake vilivyojaa, ilingoja hadi 2010 ndipo Tomasz Gollob akaleta taji la pili, na baada yake akaja Bartosz Zmarzlik aliyetwaa matano kati ya 2019 na 2024. Lakini hao wote walishinda kwa mfumo wa Grand Prix ulioanza 1995, unaojumlisha pointi za mashindano mengi ya msimu. Mpoland aliyeshinda fainali ya siku moja ni Szczakiel peke yake, na kwa kuwa fainali ya namna hiyo iliisha 1994, rekodi hiyo haitavunjwa. Hata hiyo fainali ya 1994, kule Vojens, Denmark, iliamuliwa vivyo hivyo: Tony Rickardsson, Hans Nielsen na Craig Boyce walifungana kwa 12, wakakimbia watatu, Rickardsson akashinda. Hakuna anayemwita Rickardsson mwenye bahati.

Fainali ilirudi Chorzów mwaka 1976, na Peter Collins wa Belle Vue akashinda juu ya pikipiki yenye injini ya Weslake ya valvu nne, ishara kwamba zama za Jawa ya valvu mbili zimepita. Ikarudi tena 1979. Mauger, sasa akishindana kwa klabu ya Hull na akikaribia miaka 40, alikuwa ameshapata taji la tano Göteborg 1977. Plech, yule wa tatu wa 1973, alikuwepo pia, na umati wa nyumbani nyuma yake. Mauger alimaliza na 14, Plech na 13, Michael Lee wa Uingereza akawa wa tatu. Pointi moja tu ilimponyoka Mauger siku nzima, na mbio ya kuvunja sare kwa ajili ya taji haikuhitajika.